Kabla ya Kununua Antena Kubwa, Vuka Ua

Kule Bahati, nje kidogo ya jiji la Nakuru, nilimfungia mkulima mmoja vihisi vya unyevu wa udongo kwenye vivungulio (greenhouse) vyake vya nyanya. (Nasema vihisi kwa sababu siku ya kwanza nilisema "sensa", na mama mmoja akaniuliza kama nimekuja kuhesabu watu au mifugo.) Wiki tatu mambo yakaenda sawa. Ya nne, taarifa ambazo vihisi hutuma bila waya kwa kipokezi zikaanza kupotea: kati ya kumi zinafika sita, na jioni zinafika tatu.

Nikalaumu majani. Si lawama ya bure kabisa, kwani majani ya nyanya yamejaa maji, na maji hunyonya mawimbi ya gigahezi 2.4. Lakini majani hayanenepi jioni tu. Hilo sikulifikiria; nikanunua antena kubwa ya kipokezi kwa pesa za mteja. Haikusaidia chochote. Sikio kubwa husikia na kelele pia.

Kelele yenyewe ilitoka ng'ambo ya ua. Jirani alikuwa ameweka kamera za waifai kulinda zizi la ng'ombe, na mwanawe aliye Nairobi huzifungua kila jioni akitoka kazini. Vihisi vyangu hutumia ZigBee, redio ya nguvu ndogo iliyo kwenye masafa yale yale ya waifai, na hutuma kwa kama miliwati 1. Ruta ya waifai hufika 100. Nilikuwa chaneli 18 ya ZigBee, yaani megahezi 2440 (waifai na ZigBee kila moja ina namba zake za chaneli). Ruta ya jirani ilikuwa chaneli 6, ambayo huketi juu ya chaneli zangu za 16 hadi 19. Nikahamia 22. Siku mbili shwari, kisha stima ikapotea, ikarudi, na ruta iliyoachwa ijichagulie ikaamka chaneli 11. Chaneli 11 ya waifai hufunika 21 hadi 24 za ZigBee. Imenifuata!

Kwa hiyo ukifunga vihisi vya aina hii, anza na 25 au 26, mwisho kabisa wa bendi, ambako waifai ya chaneli 1, 6 au 11 haifiki. Ila ruta iliyowekwa chaneli 13 itakukuta hata huko. Programu ya simu ya kupima waifai inasaidia, lakini usiiamini kupita kiasi: hukuonyesha waifai tu. Bluetooth, oveni ya maikrowevu na vihisi vya watu wengine haivioni.

Kosa la pili halikuwa na jirani wa kulaumu. Kwenye shamba kubwa upande wa Njoro nilitumia LoRa, redio ya kutuma ujumbe mfupi mbali, megahezi 868, vifaa 30 vya kupima matangi na pampu, vyote vikila stima. Kwa woga nikaviweka kwenye mwendo wa polepole kuliko yote, ule wa SF12, ili vifike mbali. Sasa hapo ujumbe mfupi unachukua zaidi ya sekunde moja hewani, wakati kwa SF7, mwendo wa haraka, ungechukua chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Stima ilipopotea na kurudi, vyote 30 viliamka pamoja, vikatuma pamoja, vikagongana. Nilikuwa nimeviamuru virudie baada ya sekunde 10, basi vikagongana tena baada ya sekunde 10, kwa adabu kabisa, kama kwaya.

Jambo hili halikuanza na mimi. Mtandao wa redio wa kompyuta, ALOHA, wa Chuo Kikuu cha Hawaii, 1971, ulifanya hivyo hivyo: kila mmoja husema anapotaka. Hesabu yake inajulikana: hata mambo yakienda vizuri kabisa, ni asilimia 18 hivi tu ya muda hewani inayobeba ujumbe uliofika salama. Dawa niliyotumia ni mistari michache ya msimbo wa programu: kila kifaa kikiamka kisubiri muda wa kubahatisha, na kila marudio yawe hivyo. Vifaa vilivyo karibu nikavirudisha SF7. Tangi nikaliambia liseme tu maji yakipanda au kushuka, kwa sababu tangi lililojaa halina habari mpya kila dakika 5.

Halafu, tafadhali, usinunue mtandaoni toleo la LoRa la megahezi 915 eti ni nafuu. Hayo ni masafa ya Marekani. Huku kwetu eneo hilo lina simu za mkononi, na hutakuwa unawasumbua ng'ombe tu.

Kuhusu Bahati, kilichomaliza mambo ni kikombe cha chai. Nilivuka ua, nikamwamkia mzee, nikamwonyesha kwenye simu yangu mchoro wa waifai ulio kama milima. "Kwa hiyo kamera zangu zinakunyima nyanya?" akauliza, akacheka. Akampigia mwanawe, akaniruhusu niifunge ruta kwenye chaneli 1, na kamera ya karibu tukaivutia waya. Sasa ruta ina karatasi iliyobandikwa kwa selotepu, mwandiko wake mwenyewe: USIGUSE, NYANYA ZA JIRANI.