Dada, usimeze dawa ya kichwa "kukitangulia"

Wewe dada mwenye miaka 46 uliyesema hedhi inaruka miezi, kichwa kinakugonga, unameza vidonge viwili asubuhi viwili usiku "kukitangulia kabla hakijaanza", na unauliza kama unywe soya au uombe homoni. Simama hapo hapo. Nimesoma majibu ya juu watu wanakushauri ubadilishe aina ya kidonge, nimeshindwa kulala.

Mimi hedhi ilianza kuvurugika nikiwa na miaka 47. Kipandauso nilikuwa nacho tangu usichana, kinakuja siku mbili kabla ya hedhi kinaondoka, nakijua. Siku zilipovurugika, mara miezi miwili kimya mara zinakuja mara mbili mwezi mmoja, kichwa nacho kikakosa ratiba. Baadaye sana ndo nikaelezwa kwamba umri huu estrojeni, ile homoni ya kike, haipungui polepole, inapanda na kuporomoka hovyo, na kule kuporomoka ndo kunaamsha kipandauso. Wakati ule zahanati walinipima malaria hakuna, wakasema basi ni taifodi, nikamaliza dozi na kichwa kiko palepale.

Sasa kosa lenyewe. Yule kaka wa duka la dawa mtaani kwetu alinipa vile vidonge vya mchanganyiko, dawa zaidi ya moja ndani ya kidonge kimoja, vyenye kafeini, "mama hivi havina madhara, kikianza tu meza". Havina madhara! Kaniuzia mwaka mzima, akiniona nakatiza kona anaanza kuvikata kabla sijamsalimia, hata siku moja hakuniuliza mama mbona unarudi kila wiki. Nilianza siku mbili kwa wiki, zikawa nne, ikawa kila siku, nikapachika na diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu, juu yake. Naamka saa kumi alfajiri kinauma maana dawa ya jana imeisha mwilini, nameza, kinatulia, saa nane mchana kimerudi, nami nikajua ugonjwa unakua kumbe dawa ndo inakiita. Kitchen party ya binti yangu niliisikilizia chumbani, kanga nimeikaza kichwani, taa zimezimwa, wenzangu wanaimba uani na mimi mama mzazi nalia gizani. Hiyo siku nani atanirudishia? Na vidonda vya tumbo nikapata.

Daktari aliyenisaidia aliniuliza kitu kimoja kwanza: mwezi uliopita umemeza SIKU ngapi? Sio vidonge vingapi, siku. Nikahesabu, 26. Akasema vile vya mchanganyiko ukifika siku 10 kwa mwezi, au parasetamo au diklofenaki peke yake siku 15, ukaenda hivyo zaidi ya miezi 3, dawa yenyewe inakuwa chanzo cha kichwa. Akaniachisha. Siku 9 za kwanza zilikuwa moto, kutapika, jasho, usingizi hamna, mume wangu alifungia vidonge vyote kwenye boksi lake la spana na funguo anaenda nayo kazini. Nikapewa amitriptilini kidogo usiku ya kuzuia, na baada ya kama miezi miwili kichwa kikashuka mpaka siku nne kwa mwezi. Leo nina 53, hedhi imekoma mwaka wa pili, kinakuja mara moja moja.

Kwa hiyo chukua kalenda ya ukutani, kila siku uliyomeza chochote cha kichwa weka X. X mbili kwa wiki, basi. Ukiona unataka ya tatu nenda hospitali, usiende dukani.

Homoni kaongee na daktari, ila kama unaona vimulimuli machoni kabla ya kichwa kuanza mwambie mapema, maana vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni havikufai, vinaongeza hatari ya kiharusi. Na presha upime. Kikija ghafla kama radi, au upande mmoja wa mwili ukalegea, au ulimi ukawa mzito, ni hospitali usiku huo huo.

Leo kabla hujameza vile viwili vya usiku, hesabu umemeza siku ngapi tangu tarehe moja, uniandikie hapa. Nasubiri.