Mwacheni Nsimire aseme: kutengeneza programu ya shule pamoja na watoto wa Bukavu

Ukimuuliza mtoto wa Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kama programu uliyomletea ni nzuri, atakujibu ni nzuri. Amelelewa kwa adabu, nawe ni mtu mzima uliyepanda kilima ukiwa na kompyuta mgongoni. Majibu hayo niliyaandika daftarini kwa wiki tatu nikiamini kazi inakwenda. Ilikuwa programu ya hesabu ya mwaka wa tano wa shule ya msingi, ya kutumia kwenye simu.

Nilikuwa nimesoma kuhusu wahusika wa kubuni, mbinu aliyoieneza Alan Cooper mwaka 1999: unamchora mtumiaji mmoja mwenye jina, kazi na shida zake, kisha kila uamuzi unaufanya kwa ajili yake. Wangu nilimtunga peke yangu usiku mmoja. Nilimpa meza, taa na nusu saa ya kujisomea kila jioni. Nilipombandika ukutani, watoto walimtazama kwa muda, kisha msichana mmoja akauliza polepole: "Mwalimu, uyu mutoto analalaka wapi?" Sikuwa na jibu. Mwenzake akamalizia: "Haiko wa huku kwetu."

Nilimbandua, nikatandika karatasi kubwa sakafuni, nikagawa kalamu za rangi na kukaa chini pamoja nao. Kama utachukua neno moja tu kutoka kwangu, chukua hili: waachie watoto wamtunge mhusika wao. Walimwita Nsimire. Wakamchora na mdogo wake mgongoni. Simu si yake, ni ya mama yake, na asubuhi mama anaondoka nayo kwenda sokoni. Inarudi usiku ikiwa na chaji kidogo, na mara nyingi umeme haupo. Chumba ni kimoja, wakubwa wanaongea, na kaka yake anapenda kumcheka.

Hapo ndipo programu yangu ilipoanza kuvuliwa nguo. Nilikuwa nimeweka saa inayohesabu sekunde kwa kila swali. "Nsimire atashindwa," walisema, "mutoto akilia, anasimama kwanza." Saa tukaiondoa. Nilikuwa nimeweka mlio mkali wa kosa. Nsimire hataki kaka yake ausikie, wakasema, atazima simu na hatarudi tena. Mlio nao ukaenda. Somo la dakika ishirini tulilikata vipande vya dakika nne, na kila jibu likawa linahifadhiwa papo hapo ili simu ikizimika asianze upya. Watoto wale wale walioniambia "ni nzuri" ndio walioyasema yote haya kwa mchana mmoja. Kumkosoa mwalimu kunatisha. Kumtetea Nsimire ni jambo la heshima.

Ubunifu shirikishi wenyewe, yaani kubuni kitu pamoja na watakaokitumia, ulizaliwa kwa kuwatetea watu. Miaka ya 1970 huko Norway, Kristen Nygaard alikaa na chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma ili wawe na sauti juu ya kompyuta zilizokuwa zinaingizwa kazini mwao. Baadaye Allison Druin, kule Maryland, Marekani, aliwapa watoto nafasi ya kuwa wabunifu wenza. Ukikumbuka asili hiyo, hutamgeuza mhusika kuwa pambo la ripoti.

Naye anaweza kutumiwa vibaya. Mwenzetu anayeandika programu alizoea kusema "Nsimire atapenda rangi hii" kila alipotaka rangi aipendayo yeye. Watoto ndio waliotunga sheria: anayemsemea Nsimire aonyeshe kwenye karatasi ni jambo gani la maisha yake linalomfanya aseme hivyo. Kama halipo, anasema kwa jina lake mwenyewe.

Jambo jingine linahitaji moyo wa upole. Mvulana mmoja aliandika pembeni ya mchoro kwamba baba yake Nsimire aliondoka na hajarudi. Usimuulize kamwe mtoto kama hayo ni yake. Katika mji uliopitia mambo kama wetu, mhusika ni nguo anayojifunika mtu ili aweze kusema. Ukiivuta, umemwacha uchi mbele ya wenzake. Nilimshukuru kwa kutujulisha habari za Nsimire, tukaamua kwamba mazoezi yetu hayatakuwa na maswali ya aina ya "baba amekununulia daftari tatu". Baadaye niliketi na mwalimu wao faraghani, ili kuwe na mtu mzima wa karibu anayemwangalia.

Wala usimalizie kwa Nsimire. Hata watoto kuna jambo la maisha yake walilolisahau. Tulipompa simu msichana wa kweli kule Bagira, alijibu swali la kwanza vizuri, akabonyeza "Endelea", akabonyeza tena, kisha akanirudishia simu akiomba radhi kana kwamba kosa ni lake. Kioo kilikuwa kimepasuka chini, na sehemu ile haikusikia kidole. Kitufe chetu kilikuwa palepale.

Tulikipandisha juu, kando ya swali. Wiki iliyofuata niliwasimulia watoto. Msichana yule aliyeuliza habari za kulala alichukua kalamu nyeusi, akapiga magoti juu ya karatasi, na kuchora ufa kwenye simu ya mama Nsimire.