Mshahara wa Dar haujazii wa Uingereza

Dada, unaomba viza ya mke, na umeuliza kama mshahara wako wa Dar unaweza kujazia wa mumeo aliyeko Uingereza. Hauhesabiwi. Tangu Aprili 2024 kiwango cha chini cha kipato ni pauni 29,000 kwa mwaka. Akiba yako ndiyo husaidia: kila pauni inayopungua kwenye kipato huzibwa kwa pauni 2.5 za akiba, juu ya 16,000 za mwanzo ambazo hazihesabiwi, ziwe zimekaa benki miezi 6.

Wengi hukwama kwenye hati za mshahara. Za mumeo za miezi 6 zioane na taarifa za benki, mstari kwa mstari. Hati ikisema 2,030, benki ionyeshe 2,030 hiyohiyo. Hati ya mwisho isipite siku 28 kabla ya kutuma ombi. Cheti cha kipimo cha kifua kikuu hudumu miezi 6, kwa hiyo usikikimbilie. Kiingereza ni A1 tu, yaani kiwango cha mwanzo.