Tumepewa kompyuta 22 chakavu, tuanzie wapi?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nasoma chuo mwaka wa pili hapa Morogoro. Mimi na wenzangu tumeunda kikundi cha kujitolea kufufua kompyuta kuukuu na kuzigawa kwenye sekondari za kata. Ofisi moja imetupatia kompyuta 22 za mezani, nyingi zina Core i3 ya kizazi cha tatu na RAM ya GB 4, pamoja na skrini sita za zamani zenye chogo. Wenzangu wanataka tuzipanguse vumbi tuzipeleke zote kabla shule hazijafungwa. Mimi nasita. Unatushaurije?
Mwanakikundi, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Una haki ya kusita. Msipeleke zote 22. Sekondari nyingi za kata hazina fundi, na kompyuta ikifia pale inabaki kujaza stoo. Tena ikishaandikwa kwenye leja ya mali za shule, kuiondoa ni mlolongo mrefu.

Anzeni na diski. Ofisi ile huenda imeacha humo mishahara, barua, hata nakala za vitambulisho vya watu. Kufuta mafaili kwa kawaida hakutoshi, maana programu za bure zipo za kuyarudisha. Washeni mashine kwa flashi yenye nwipe, programu ya bure ya kufuta diski, iandike sufuri diski nzima. Kwa diski za kuzunguka (HDD), mara moja inatosha. Nchini kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo msilichukulie kama jambo la hiari. Andikeni namba ya kila diski na tarehe iliyofutwa, ofisi mwipe nakala.

Kisha fungueni makasha. Pulizeni vumbi nje, feni mkiishika kwa kidole isizunguke. Tazameni kapasita, vile vikopo vidogo vilivyo karibu na prosesa: vichwa vyake viwe bapa. Ukiona kilichovimba au kilichotoa uchafu wa kahawia, mashine hiyo ibaki ya spea. Ile inayopiga milio bila kuonyesha kitu msiitupe haraka. Chomoeni RAM, sugueni meno yake ya rangi ya dhahabu kwa raba ya penseli, pangusa, rudisha. Nimeona nyingi zikiamka hapo hapo. Badilisheni pia betri ya CR2032, ile ya duara kama sarafu; ikiisha, saa ya kompyuta inarudi nyuma miaka na tovuti nyingi zinagoma kufunguka.

Mkipata fedha kidogo, nunueni SSD, diski isiyozunguka yenye kasi, kabla ya kitu kingine chochote. Tofauti mtaiona siku ile ile.

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za kizazi cha tatu hazimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11. Kwa hiyo wekeni Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, toleo lake jepesi la Xfce. GB 4 zinaitosha. Hapo mwalimu atawauliza Word iko wapi. Kaeni naye mchana mzima, mmwonyeshe LibreOffice, programu ya bure inayofanya kazi za Word, jinsi ya kuhifadhi faili lifunguke kwenye Word, na jinsi ya kuchapisha. Wekeni na Kolibri, programu ya kujifunzia, masomo yake yanasomeka bila intaneti. Kazi hii ya kukaa na mwalimu ndiyo vikundi vingi huiruka, na inaniuma, kwa sababu nimekuta mashine nzima kabisa zimefunikwa kitambaa eti mwalimu anaogopa kuziharibu.

Zile skrini za chogo msimpe mtu. Kioo chake kina madini ya risasi, msikivunje kwa kutafuta shaba, wala msichome nyaya: moshi wa plastiki ile ni sumu. Zihifadhini pakavu, iulizeni ofisi ya kanda ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, ni nani mwenye kibali cha kuzipokea.

Na kwenye hati ya makabidhiano, kabla mkuu wa shule hajatia saini, wekeni mstari mmoja: mashine ikifa, inarudi kwenu.