Ukianza kumchunguza meneja wa opera wa enzi za ukoloni, usianzie kwenye taazia

Wengi wanaoanza kazi hii hukimbilia taazia, kwa sababu ndani ya safu moja ya gazeti wanakuta maisha ya mtu yamekwisha kupangwa. Iache kwanza. Mchukue William Saurin Lyster, mzaliwa wa Dublin mwaka 1828, aliyeleta kundi la opera Melbourne, Australia, mwaka 1861 na kufia mjini humo Novemba 1880. Habari za ujana wake, kwamba alikwenda baharini akiwa kijana, akapigana Afrika Kusini, akamfuata William Walker, Mmarekani aliyeivamia Nicaragua na jeshi lake binafsi, hadi huko, zinasomeka vizuri mno. Huenda ni kweli. Lakini meneja wa maonyesho hujinadi na yeye mwenyewe pia, si tiketi tu. Ziweke kwenye faili la pembeni, kisha anza na kile unachoweza kukithibitisha: usiku hadi usiku, kundi lilicheza nini na wapi.

Tengeneza jedwali la safu kumi: tarehe, siku ya juma, mji, ukumbi, opera iliyotangazwa, opera iliyochezwa kweli, waimbaji, kiongozi wa okestra, kiingilio na chanzo. Uzito wote uko kwenye safu ya tano na ya sita. Tangazo la asubuhi ni ahadi. Soprano akikauka sauti mchana, opera inabadilishwa, na gazeti limeshatoka. Kwa hiyo kila usiku unahitaji matoleo mawili: la siku yenyewe kwa tangazo, na la kesho yake kwa uhakiki. Onyesho la Jumamosi lihakikie kwenye gazeti la Jumatatu. Ukipata tangazo peke yake, safu ya sita ibaki tupu, hata kama mkono unakuwasha. Jedwali likikuonyesha opera siku ya Jumapili au Ijumaa Kuu, rudi ukague tarehe. Juma la kazi lilikuwa na usiku sita. Na maneno “usiku wa mwisho kabisa” yasikufanye ufunge msimu. Yalitangazwa mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu, kama wafanyavyo mapromota wetu hadi leo.

Magazeti yenyewe yapo bure mtandaoni. Trove, hifadhi ya mtandaoni ya Maktaba ya Taifa ya Australia, ina Argus la Melbourne na Sydney Morning Herald. Papers Past, hifadhi ya aina hiyo ya New Zealand, ina Otago Daily Times. Na kwa kipindi ambacho kundi lilikuwa San Francisco, Marekani, kuna California Digital Newspaper Collection. Kosa la kwanza la mgeni ni kuamini kisanduku cha kutafutia. Maandishi yale yamesomwa na mashine kutoka kurasa zilizofifia, kwa hiyo Lyster anaweza kuwa Lystcr au Lyater. Tafuta kwa jina la ukumbi, la opera na la mwimbaji mkuu, kisha ufungue ukurasa wa matangazo wa kila siku na kuusoma kwa macho. Kosa la pili ni majina ya miji. Bendigo iliitwa rasmi Sandhurst hadi 1891, na ukiandika Bendigo tu utapoteza sehemu ya ziara za machimbo ya dhahabu. Kumbi nazo huchanganya: Theatre Royal ya Melbourne iliungua Machi 1872 ikajengwa upya, hivyo jina ni lile lile ila jengo, viti na jukwaa ni vingine. Usibebe vipimo vya jengo moja ukavipachika kwenye lingine.

Baada ya hapo pitia safu za habari za meli magazetini. Reli za Melbourne na Sydney zilikutana Albury mwaka 1883, Lyster akiwa ameshazikwa. Kundi zima, pamoja na mapazia, mavazi na masanduku ya noti za muziki, lilisafiri baina ya miji hiyo kwa bahari. Orodha za abiria zitakupa tarehe ya kuondoka na ya kufika, na ukizilinganisha na jedwali lako utaona mara moja onyesho ambalo haliwezekani. Ila abiria wa daraja la chini mara nyingi walihesabiwa tu bila majina, na wanakwaya wengi walikuwa humo. Habari kutoka ng’ambo kabla ya 1872, mwaka simu ya maandishi ilipoiunganisha Australia na Ulaya, zilikuja na meli za barua. Ukisoma kwamba meneja “anaajiri waimbaji Italia”, jua amekwisha kuwaajiri, au amekwisha kushindwa.

Kuhusu vyeo, hapa ndipo makala nyingi huharibika. Mpangaji wa ukumbi ndiye aliyelipa kodi ya jengo. Meneja alisimamia kundi na fedha. Msimamizi wa jukwaa alipanga nani aingie wapi, na kiongozi wa okestra alishika muziki. Mtu mmoja angeweza kuvaa kofia mbili au tatu, na magazeti hayakujali kutenganisha. Usimwite Lyster mwongozaji kwa maana ya leo, ya mtu anayebuni tafsiri ya tamthilia. Kazi hiyo katika opera ya wakati ule haikuwa na mtu wake maalumu. Tena kulikuwa na Lyster wawili: Frederick, nduguye, naye alifanya kazi ya muziki katika kundi. “Bwana Lyster” bila jina la kwanza aandikwe hivyo hivyo hadi ushahidi upatikane. Wanawake walioolewa waliendelea kutumia majina ya jukwaani. Georgia Hodson unayemkuta miongoni mwa waimbaji alikuwa mke wa meneja.

Fedha hukokotolewa kwa pauni, kila pauni shilingi 20, na kila shilingi peni 12. Tuseme ukumbi una viti 200 vya shilingi 5, 300 vya shilingi 3, 500 vya shilingi 2 na 800 vya shilingi 1: ukijaa ni pauni 185. Hicho ni kikomo tu. “Ulijaa pomoni” ya mhakiki haikuambii nani aliingia kwa tiketi za bure, wala nani alisubiri hadi katikati ya onyesho aingie kwa nusu bei, pale utaratibu huo ulipokuwapo. Usiku wa manufaa uutenge, kwa sababu mapato au sehemu yake vilikwenda kwa msanii. Kwa upande wa mwisho wa maisha, Public Record Office Victoria, hifadhi ya nyaraka za serikali ya jimbo la Victoria, wana faili za wosia na mirathi za kipindi hicho.

Halafu muziki. Makundi ya ziara yalikata vipande, yakachomeka nyimbo za opera nyingine, na pale noti za okestra zilipokosekana kiongozi aliwaandikia wapigaji upya kutoka kitabu cha piano. Lugha nayo ilibadilika: kundi la 1861 hadi 1868 liliimba zaidi kwa Kiingereza, kisha Lyster akaleta Waitaliano. Kwa hiyo ongeza safu ya kumi na moja, ya lugha. Lohengrin ya Wagner aliyoipandisha Melbourne mwaka 1877 iliimbwa kwa Kiitaliano.