Mwarobaini ulioponzwa na somo langu

Mwaka wangu wa pili wa ualimu, huku Muheza, niliwapeleka watoto wa darasa la sita chini ya mwarobaini wa shule nikaumwagia sifa zote: majani, mbegu, gome, na lile jina lenyewe la magonjwa arobaini. Somo lilinoga. Wiki tatu baadaye mti ulikuwa umechunwa gome mzunguko mzima, mpaka pale mkono wa mtoto unapofika. Walikuwa wamewapelekea wazazi.

Wa kulaumiwa nilikuwa mimi. Niliwafundisha mti unatibu nini, sikuwafundisha kuvuna. Siku hizi naanza na kuvuna. Nachora shina ubaoni: chakula hutengenezwa kwenye majani, kisha hushuka mizizini kupitia gome la ndani. Ukilichuna duara zima, mizizi inakufa njaa hata mvua inyeshe kila siku. Kwa hiyo majani yakitosha, gome tunaliacha. Lisipoepukika, kipande kidogo, upande mmoja tu.

Kisha sumu, kabla ya dawa yoyote. Watoto wanapenda kuchezea mbegu za mnyonyo kwa vile zina madoadoa mazuri, kumbe zina sumu ya kuua. Mnanaha nao, wenye sumu vilevile, uko kando ya njia. Bustanini kwetu haonji mtu, mwalimu akiwemo.

Jambo lililonitia hofu zaidi ni mama mmoja kuniambia mwanawe ana homa na amekataa vidonge, anataka mwarobaini kwa kuwa mwalimu kasema. Tangu hapo nawaambia kwamba hata dawa mseto ya malaria chimbuko lake ni mmea, jamii ya pakanga kutoka China, na mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Lakini kidonge kimepimwa. Sufuria ya majani hakuna ajuaye ina nguvu kiasi gani. Homa ni zahanati, ukapimwe damu. Ukipata nauli, mwalimu mwenzangu, wapandishe watoto Amani, kule milima ya Usambara, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902, uwasimulie habari za kwinini, dawa ya malaria itokanayo na gome la mti, papo hapo msituni. Wataikumbuka kuliko daftari.

Kuhusu kitalu: mbegu za mwarobaini haziwekwi akiba. Mimi nilizitia kwenye bahasha nikaenda likizo. Katika viriba arobaini, vitatu tu ndivyo vilivyoota. Tunda likiiva lioshe nyama yake itoke, mbegu uzipande mapema. Darasa lisilo na subira lipe mlonge, maana hata kipande cha tawi kinashika.

Ule mti wetu ulikauka juu, ila shinani yalitoka machipukizi mawili. Tumebakiza moja. Watoto wamelizungushia miiba bila kuniuliza, na anayeongoza zamu ya kumwagilia ni mdogo wake yule aliyeleta kisu cha kuchunia gome.