Majungu ya dukani yalianzia kwenye shoti

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: mwenye biashara yenye wafanyakazi wasiozidi kumi afanye nini ili majungu yasimharibie kazi? Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza, tuko sita, na ushauri wangu ni aanze na shoti.

Shoti ni ile pesa inayopungua jioni mnapofunga hesabu. Kabla sijafungua langu, niliuza kwenye duka la mtu kwa miaka minne. Kaunta tulikuwa watatu, wa nne mpwa wa bosi. Jumamosi moja ikapungua Sh84,000. Bosi hakuuliza nani alikaa kwenye droo saa ngapi. Alichukua kalamu, akagawa kwa tatu, na mwisho wa mwezi kila mmoja wetu akakatwa Sh28,000. Mpwa hakuguswa, ingawa mchana ule sisi watatu tulimwona akifungua droo na kutoa hela ya mafuta ya pikipiki bila kuandika popote.

Hadi leo sijui kama ni yeye. Inawezekana ni chenji iliyokosewa. Kilichotuumiza ni kwamba hakuna aliyeulizwa, na kwa kuwa hakuna aliyeulizwa, kila mtu akabaki na jibu lake moyoni. Mwenzetu mmoja akaanza kupeleka maneno kwa mke wa bosi ili ajiweke salama. Mwingine akawapa mafundi wazuri namba yake ya simu, wampigie yeye tu. Mimi niliacha kumwelekeza mpwa bei mpya, nikimwacha akosee mbele ya wateja. Naona aibu kuliandika hilo, lakini nililifanya. Bosi akawa anawaambia watu kwamba wafanyakazi wa siku hizi wana roho mbaya.

Miaka baadaye, nikiandaa mikataba ya vijana wangu, nikasoma kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mwajiri hagawi hasara kama karanga. Ni lazima hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi mwenyewe akiwa kazini. Aelezwe kwa maandishi chanzo chake, kiasi chake na jinsi kilivyopigiwa hesabu. Apewe nafasi ya kupinga. Akikubali deni, akubali kwa maandishi. Na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Nilirudia kukisoma mara mbili, nikiikumbuka ile kalamu.

Kwangu droo ina mtu mmoja kwa zamu. Anayempokea anahesabu mbele yake, kisha wote wawili wanasaini kwenye daftari la kaunta, lile ambalo kurasa zake zimeshika vumbi la saruji. Anayetoa hela anaandika, hata nikiwa mimi. Zamu na likizo zimebandikwa ukutani, kila mtu na siku zake 28 kwa mwaka.

Mtihani ulikuja alipoingia mdogo wangu. Wiki ya kwanza alichukua Sh5,000 ya vocha, hakuandika. Nikamwambia aiandike kwa mkono wake na asaini kwamba itakatwa kwenye mshahara. Usiku mama akanipigia simu: "Yaani kwa elfu tano unamwandika mwenzio kama mwizi?" Nikamjibu, "Mama, nisipomwandika yeye, kesho nitamwandika nani?" Alikata simu. Tulikaa siku kadhaa hatuongei vizuri, na mama ni mtu ambaye sipendi kabisa kumkwaza. Lakini asubuhi ile vijana waliliona daftari, na tangu siku hiyo sijasikia mtu akimwita mdogo wangu "mtoto wa bosi".

Anayeniletea maneno ya mwenzake namwomba kwanza amwite mwenzake, tuongee watatu. Wengi huishia mlangoni.

Mwezi uliopita ilipungua Sh5,000. Kabla sijafungua daftari, kijana wa asubuhi akasema mwenyewe: fundi alimpa noti ya elfu tano, naye akarudisha chenji ya elfu kumi. Tulimpigia fundi mara tatu, hakupokea. Nikaiandika kwenye hasara ya duka, kijana akasaini pembeni, tukafunga.

Msomaji, Mwanza